Padre Haroldi na Kurasa Alizozichoma

Kwaru, kwaru, kwaru. Usiku wa manane, zama zile mababu walipohamia Chiwambo wakikimbia vita, kila nyumba iliisikia kalamu ya Padre Haroldi, mwana wa Edwini mfua kengele, Sikio la Nyika, aliyetoka pwani kwa miguu akaapa hatahubiri mpaka akijue Kiyao cha watoto, cha wawindaji na cha walevi. Ndiye aliyeupima uwanja wa mji huu, ndiye aliyembeba Abiti Mtila mgongoni, uchungu umeshamshika, akavuka naye mto uliofurika, maji kifuani, mtoto wa kike akazaliwa ng'ambo salama.

Usiku huo Abiti Mtila alikuwa akinyonyesha, akaisikia ile kwaru kwaru, moyo ukamlipuka. Mchana, kwa shukrani tu, alikuwa amemwimbia Padre nyimbo za unyago, zile asizozisikia mwanamume, akidhani zimepita na upepo, kumbe anaandika! Makungwi wakijua watamtenga, na mwanawe hatachezwa ngoma maisha yake yote, na msichana asiyechezwa nani atamwita mwanamke? Akambeba mtoto, akakimbia.

"Padre, umeniua! Choma, nakuomba, choma zote! Huyu mtoto utamwoza wewe?"

"Nimwoze mimi, mama, ambaye hata kusonga ugali kunanishinda?"

Kisha akayaona machozi. Akazichana kurasa kumi na moja, ambazo Ulaya wangempa sifa kwazo, akazitia motoni moja moja, akatamka: "Aliyenipa neno ndiye mwenye neno."

Binti akakua, akachezwa, Padre akapiga makofi akiwa mbali, ng'ambo ya mto, kama wanaume wengine.

Padre alipozeeka na homa ikamlaza, Abiti Mtila alimkuta akinong'ona nyimbo zile zile, beti zote.

"Karatasi nilizichoma," akasema, "sikio likanishinda. Nisamehe, mama."

Abiti Mtila akacheka mpaka akalia. "Ubeti wa tatu unaukosea, Padre." Akaketi, akamwimbia taratibu, mpaka pumzi ya Padre ikatulia.

Ndiyo maana Chiwambo, mpaka leo, mgeni mwenye daftari hupelekwa kwanza kwa makungwi, aambiwe lipi la kuandika na lipi la kuacha. Na hili la kitandani, binti yule, aliyekuwa mlangoni siku hiyo, alitusimulia sisi wanawake, ngomani, na kila anayelisikia huweka mkono kifuani, akatamka kama alivyotamka mama yule akimfumba Padre macho: sitamwambia mtu mwingine.