Asali ya Lukande

Wahenga hawakumcheka mwenye mkeka mkuukuu walipomwonya asiuache kwa msala upitao. Walijua kwamba mbacha, hata ukichanika pembe, ndio unaomlaza mwenyewe, lakini msala mpya uko begani mwa mpita njia, naye anakwenda zake. Bonifas aliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Kuijua na kuifuata ni mambo mawili.

Bonifas alikuwa mfuga nyuki wa Vidunda na mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji. Mizinga yake aliitundika Lukande, msitu mdogo wa mlimani ambamo baba na babu yake walitundika yao. Haukuwa msitu wa kujivunia: vichaka, miiba na miti mikongwe iliyopinda. Lakini asali yake ilikuwa nyeusi, yenye uchungu kidogo mwishoni, na katika ukoo wao binti hakuvuka kizingiti kwenda kuolewa kabla baba yake hajamlambisha asali hiyo. Agnesi, bintiye pekee, alikuwa ameshachumbiwa.

Ndipo ikaja kampuni ya kuchimba mawe. Afisa wake wa mazingira, kijana mpole aitwaye Fortunatus, alisimama mbele ya mkutano wa kijiji na kukunjua picha kubwa ya msitu wa kijani kibichi.

"Wazee wangu, shikamooni. Hatuchukui msitu bure. Kila eka tutakayokata hapa, tutapanda eka tatu kule bondeni, upande wa Mikumi. Mazingira hayatapoteza kitu."

"Na nyuki mmewauliza?" aliuliza Marselina, mke wa Bonifas, kutoka walikoketi akina mama.

Watu wakaangua kicheko. Bonifas aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

"Mama Agnesi, eka tatu kwa moja! Kwani pale tuna nini zaidi ya miiba?"

Akanyoosha mkono wa kwanza, na mkutano mzima ukamfuata, maana mkono wa mwenyekiti huvuta mingine. Laiti mkono ule ungeshikwa na ganzi siku ile!

Misumeno iliingia baada ya mavuno. Lukande, iliyochukua vizazi kuota, ililala chini kabla mwezi haujaisha. Nyuki walizunguka juu ya visiki wakivuma, kisha wakaenda zao. Bonifas aliwatazama mpaka shingo ikamuuma.

"Watanifuata bondeni," alijifariji.

Akafunga mizinga mitupu kwenye bodaboda na kuteremka. Kweli, eka zilikuwa nyingi. Zilipandwa misaji kwa mistari iliyonyooka kama madawati ya shule, kila mche ukimfika kiunoni. Hapakuwa na tawi la kubeba hata kiota, sembuse mzinga. Langoni palikuwa na mlinzi, jina lake Yeremia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mizinga. Huu ndio msitu wetu mpya."

"Samahani, mzee wangu. Huu umetengwa kufidia ule uliokatwa. Haingii mtu, mfugo wala mzinga. Mkianza kuutumia, kampuni itaambiwa haijafidia kitu."

"Lakini ule tuliutoa sisi!"

"Najua, mzee. Pole sana."

Pole ile ilimchoma kuliko tusi. Akageuza bodaboda na mizinga yake.

Siku ya harusi, Bonifas alinunua chupa ya asali kando ya barabara kuu, Mikumi. Agnesi akapiga magoti kizingitini na shela lake. Baba akainua kijiko. Binti aliinusa asali ile, kisha akakifunika kijiko kwa kiganja, polepole, asimwaibishe.

"Baba, niage hivihivi tu. Hii si ya kwetu."

Marselina alikuwa amekumbatia kibuyu cha asali cha ukoo, kikavu. Bonifas alilia mbele ya wakwe zake bila kuficha uso. Mlimani baruti ikalipuka, vigelegele vikakatika.

Agnesi akavuka kizingiti mdomo mkavu. Kule bondeni, eka tatu kwa moja zilikuwa zikimea vizuri, zikilindwa zisiguswe na wale wale waliozilipia kwa Lukande yao. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.