Kakakuona na Chama cha Wachunguzi wa Nyika

Ulikuwa mwaka ambao vyura walisahau kuogelea. Mto ulikauka, kisha madimbwi, kisha hata matope. Watoto wa swala walishinda wamelala, hawana nguvu ya kucheza.

Simba, mfalme wa nyika, mwenye majivuno marefu kuliko manyoya yake, alisimama juu ya mwamba akanguruma, "Maji lazima yapatikane! Nani fundi wa maji?"

Fisi alijitokeza kabla mwangwi haujaisha. "Mimi, Mfalme! Pua hii inanusa maji hata yakiwa kuzimu. Ila ina tabia moja tu: haifanyi kazi bila mchuzi."

Basi akapewa mchuzi. Akapewa na mbavu, na mayai ya mbuni. Wanyama wakachimba alipowaonyesha, wakakuta vumbi.

"Mmekaribia!" akasema Fisi akijilamba. "Pua imechoka kidogo. Leteni paja."

Wakachimba shimo la pili, la tatu, la nne. Maji hayakuonekana, lakini tumbo la Fisi lilikuwa sasa linaburuzika chini.

Katika nyika hiyohiyo aliishi Kakakuona, mpole na mwenye haya. Tangu utotoni alikuwa akiwachunguza mchwa. Alianza kwa sababu ya njaa, akaendelea kwa sababu ya udadisi. Mwaka huo wa kiangazi aliona jambo: baadhi ya vichuguu vilikuwa na udongo mbichi. "Mchwa hawa wanateka maji huko chini," alijiambia. Akachimba peke yake kando ya vichuguu vitatu mpaka kucha zikawa butu. Pakavu. Hakumwambia mtu, maana hata akiulizwa habari za asubuhi alijikunja akawa mpira.

Sungura, mjanja wa nyika, alimkuta ndani ya shimo la tatu.

"Dada Kakakuona, unamzika nani?"

"Wazo langu," akajibu Kakakuona kwa huzuni.

Sungura alicheka mpaka akaanguka chali. Kisha akaketi, akasimamisha masikio, akataka aelezwe wazo lote tangu mwanzo. Alipomaliza kusikiliza, akasema, "Hili si la kuzikwa. Njoo nalo kwenye Chama."

"Chama gani?"

"Chama cha Wachunguzi wa Nyika. Tunakutana alasiri pale kwenye jiwe bapa. Kobe anachunguza nyasi, Bi Kanga umande na mawingu. Mimi nachunguza wajanja wenzangu."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana! Kisha watakusaidia. Ukikaa peke yako utajicheka mwenyewe, na wa kukusaidia hayupo."

Kakakuona alikwenda. Akaeleza habari za mchwa huku uso ameuficha nyuma ya mkia. Bi Kanga, mwenyekiti, akanyoosha shingo. "Huo udongo mbichi uliuona saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Alfajiri! Ke-ke-ke-ke! Mwanangu, alfajiri hata kilemba changu kimelowa! Huo ni umande!"

Jiwe zima likacheka. Kakakuona akajikunja, puu! Kwa kuwa jiwe lilikuwa na mteremko, akaanza kubingirika, akabingirika mpaka akagonga gamba la Kobe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika mkutanoni, maneno yote akiwa ameyasikia njiani.

"Usiondoke," akasema Kobe taratibu. "Mimi kwa miaka sita niliamini jua linanifuata mimi. Kila nikitoa kichwa, lipo. Nilipoyasema hapa walicheka mpaka Bi Kanga akataga. Lakini siku hiyo ndiyo niliyoanza kujua. Wewe umekosea saa tu. Wazo lenyewe hatujalijua bado. Twende tukatazame jua likiwa utosini."

Kakakuona akachungulia kutoka ndani ya mpira wake. "Twende? Na ninyi?"

"Sasa Chama ni cha nini?" akauliza Sungura.

Kesho yake mchana, jua likichoma mpaka mawe yanalia, walizunguka vichuguu arobaini. Thelathini na tisa vilikuwa vikavu kama mifupa. Cha arobaini kilikuwa na udongo mbichi, mwekundu, unaonata.

Kobe akatazama huku na huku. "Lo! Hapa ndipo nyasi zinapochelewa kukauka kila mwaka. Sikuwahi kujua kwa nini."

"Na mimi hapa nauona ukungu kila msimu!" akapiga kelele Bi Kanga, akaanza kucheza kwa mguu mmoja. Kakakuona akacheka kwa sauti, mara ya kwanza maishani, magamba yake yakilia kama njuga.

Wakamwendea Simba kumwomba pachimbwe hapo. Lakini Fisi alikuwapo. "Mfalme, wanyama wana nguvu ya kuchimba shimo moja tu la mwisho. Lichimbwe mlangoni kwangu. Na niletewe nundu."

Simba akavimba. "Fisi nimemchagua mimi, na mimi sikosei."

"Hukosei kamwe, Mfalme!" akasema Sungura akiinama mpaka masikio yakafagia chini. "Ndiyo maana tunataka nyika nzima ione ulivyopatia. Tupange vyungu vitano vilivyofunikwa kwa majani. Kimoja kina maji. Pua ya Fisi ituonyeshe."

Simba alipenda sana kuonwa. Akakubali.

Sungura akapanga vyungu. Kimoja alikitia maji ya umande, vitatu mchanga, na cha tano alikitia mfupa wa zamani. Fisi akakipita cha maji bila hata kugeuka. Alipofika cha tano, mate yakamtiririka.

"Hapa! Hapa pana bahari!" Akatumbukiza kichwa chote. Kukasikika kru, kru, kru.

"Samahani," akauliza Kobe, "maji gani hayo ya kutafunwa?"

Nyika ikalipuka kwa kicheko. Fisi akajaribu kutoka, chungu kikamganda kichwani. Akatimua mbio asikokuona, akigonga mti huu na ule, huku sauti ikitoka chunguni, "Karibu tu! Pua imechoka kidogo!" Hakuonekana tena nyikani humo.

Wanyama wakachimba kando ya kichuguu cha arobaini. Jua lilipopinda, maji yakabubujika, ya baridi, mengi, mpaka watoto wa swala wakapata nguvu ya kusukumana ndani yake.

Alasiri ya mkutano uliofuata, Simba akatokea kwenye jiwe bapa. "Naingia chamani. Nitakuwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mimi," akasema Bi Kanga. "Wewe anza kwa kutaja jambo moja usilolijua."

Simba akakuna manyoya. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona, "Sijui mvua inakaa wapi isiponyesha."

Wote wakacheka, na Kakakuona akacheka kuliko wote. Kisha akasogea akampa nafasi. "Hata sisi bado hatujui, Mfalme. Keti hapa tutafute."

Kidole kimoja hakivunji chawa.