Kikombe cha Tano

Mmewahi kuona kikombe kikikataa mahali kilipowekwa, wajukuu zangu? Hamjaona. Hata mimi, na uzee huu, sijaona. Ndiyo maana mjomba wenu, aliposikia asubuhi kwamba mwenzenu Tabu ameshatafutiwa chuo cha uuguzi na Tabu mwenyewe hana habari, alisema neno moja tu na kwenda zake: Kikombe hupangwa, mtu huulizwa. Mnataka kujua limetoka wapi. Haya, sogezeni mkeka, niwaeleze lilivyoanza.

Lilianzia Ihumila, mji mdogo wa njia ya reli, kule nilikoolewa. Palikuwa na chuo cha ualimu, na chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Msicheke. Uwanja wetu wa kandanda ulijaa mbigili, ukicheza unarudi na miguu inavuja damu. Lakini ule wa kikapu ulisakafiwa kwa saruji, laini kama sinia, na jioni mji mzima ulikuwa pale.

Nje ya lango la chuo palikuwa na kijiwe cha kahawa cha Mzee Chitema. Mimi nilikuwa nampelekea kashata, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Kila chuo kilipofungwa kwa likizo ndefu, mashabiki walikuwa na desturi yao, kupanga vikombe. Mzee Chitema alifuta benchi, akaweka vikombe vitano vimefunikwa, kimoja kwa kila mchezaji watakayemtabiri kuanza msimu ujao. Hapo watu walibishana hadi mate yakauka. Wakikubaliana jina, kikombe kinafunuliwa, kinamiminiwa kahawa, na aliyelitaja jina anakunywa. Kilichofunuliwa hakifunikwi tena. Watu wa kijiwe cha stesheni nao walikuwa na vikombe vyao, na msimu ukianza, kijiwe kilichokosea kilichekwa mpaka watu wake wakabadili njia ya kwenda sokoni.

Kikombe cha tano kilikuwa cha mchezaji wa kati, yule mrefu wa kudaka mipira chini ya kikapu. Kwa miaka miwili hakikubishaniwa. Kilikuwa cha Yoeli. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kicheko cha kupasuka, na akiingia mlango wowote aliinama kwanza hata kama mlango ulikuwa mrefu. Mdogo wake, Sefania, naye mwanafunzi wa chuo kilekile, alikaa nyuma ya kikapu kila mchezo, ameshika saa na kandambili za kaka yake. Watu walidhani anautamani mpira. Hakuutamani. Alimpenda kaka yake, basi.

Yoeli alianza kwa kuumwa kichwa kanisani. Wiki haikuisha, tukawa makaburini. Sefania hakulia. Wajomba walimshika bega wakamwambia, "Wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba hii. Ukilia, mama yako atashikwa na nani?" Akameza. Nilimwona akimeza, koo likipanda na kushuka kama mtu anayemeza kipande cha ugali kikavu.

Tukiwa bado tumekaa matanga, chuo kikafungwa, na mashabiki wakaja kijiweni. Vikombe vinne vilifunuliwa upesi. Cha tano kikabaki kimefunikwa, kila mtu akitazama pembeni. Ndipo Lameki kinyozi, tuliyemwita Kocha Mdomo kwa sababu alifundisha timu akiwa kwenye benchi la kahawa, akasema, "Sefania."

"Yule hajawahi hata kudunda mpira," mmoja akamwambia.

"Atajifunza! Urefu uleule, mabega yaleyale, hata chafya wanapiga sawasawa. Damu haipotei."

Mzee Chitema alishika birika bila kumimina. "Matanga hayajaondolewa, Lameki."

"Ndiyo nasema mapema, mzee wangu. Tusubiri stesheni watutangulie?"

Watu wakacheka kidogo, wakaona aibu, kisha wakakubali. Kahawa ikamiminwa, Lameki akanywa. Wakati huo Sefania alikuwa nyumbani akipasua kuni za kuwapikia wafiwa.

Siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo desturi. Suruali kwa binamu, koti kwa mjomba. Lameki akasimama na kuomba, kwa niaba ya mashabiki wote, ile jezi ya Yoeli ya timu apewe Sefania. Na kwetu, nguo ya marehemu haikataliwi. Ukiikataa umemkataa aliyelala. Sefania aliipokea kwa mikono miwili. Kila aliyepita alimwambia hongera. Sikumsikia mtu aliyemwambia pole.

Basi msimu ukaanza, naye akaanza na watano, maana mwalimu wa timu naye alikuwa mnywaji wa kahawa ya pale kijiweni. Alipokosa mpira walipiga kelele, "Yoeli angeudaka huo hata usingizini!" Alipoupata wakaimba, "Yoeli kafufuka!" Sijui lipi lilimchoma zaidi. Baada ya muda jina lake likapotea kabisa. Sokoni Yoeli, darasani Yoeli. Naye akaitika. Siku moja nilikuwa kwao nikipakua chakula na mama yake. Mama akageukia mlangoni akaita, ulimi tu umeteleza, "Yoeli, njoo ule!" Sefania akaja, akainama mlangoni, akanawa mikono. Mama alikaa chini na mwiko wake mkononi, na chakula kile hakikuliwa na mtu.

Mchezo wa mwisho ulikuwa na chuo cha mji wa jirani. Tulikuwa sawasawa, muda umekwisha isipokuwa pumzi chache, Sefania akaangushwa chini ya kikapu. Refa akampa mitupo miwili. Uwanja wote ukasimama. "Yo-e-li! Yo-e-li!" Yeye akaukumbatia mpira kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga. Refa akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Sefania akauweka mpira kwenye mstari, akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkono wa refa, akatoka nje ya uwanja kifua wazi mpaka kijiweni. Akakaa.

Lameki alimfuata akihema, umati nyuma yake. "We Yoeli! Umetuua! Stesheni watatuvisha sketi mwaka huu!"

"Yoeli tulimzika, kaka Lameki," Sefania akasema polepole. "Wewe mwenyewe ulishika sepetu."

Lameki akatazama viganja vyake, kama vile udongo ungali pale. "Sasa... sasa si ungekataa, mdogo wangu? Miezi yote hii una mdomo."

"Ningekataaje nguo ya marehemu mbele ya mama? Na mlishanipanga hapa kabla sijaipokea. Aliyekuja kwetu kuniuliza ni nani?"

Mzee Chitema akachukua kikombe, akakiweka mwanzo wa benchi, akakihamisha katikati, akakisukuma mwisho. Kikombe kikatulia kila alipokiweka.

"Kahawa niliimimina mimi," akasema. "Na umri wangu wote huu. Kikombe hupangwa, Lameki. Mtu huulizwa."

Neno lile lilivuka reli kabla ya kiangazi kwisha. Leo hii kule, ukimchagulia mwenzio mchumba au kazi akiwa hayupo, watakuambia neno hilohilo. Vikombe havikupangwa tena Ihumila. Sefania aliondoka, akamalizia masomo mbali, na mama yake akabaki peke yake katika nyumba yenye milango mirefu. Lameki aliendelea kunyoa, lakini kimya, na watu walimkosa yule mwenye mdomo.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku ile Mzee Chitema alivua koti lake, akamfunika kijana mabegani, akakaa karibu naye.

"Pole, Sefania," akamwambia. "Tumechelewa kukuuliza, lakini nakuuliza. Wewe ulitaka nini?"

Safari hii kijana hakumeza, aliyaacha machozi yashuke.

"Nilitaka kumlilia kaka yangu," akasema. "Kila nikianza, mnaniita kwa jina lake."