Joto la Bi Kikohozi

Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa kingoni, lakini ndio unaoulalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila huyo aliyeubeba kwapani anapita zake njia, wala hajasema kuwa ni wako. Wahenga walipotuonya juu ya mikeka hiyo miwili, bila shaka waliwaona kwa mbali wanakikundi wa Kwemanolo, kijiji kilichoko milimani karibu na Amani. Afadhali basi wangekuwa wajinga. Walikuwa na akili zao timamu, na wakanyoosha mikono kwa hiari yao.

Huko Kwemanolo ukungu hushuka alfajiri na hauna haraka ya kuondoka. Ukitegemea jua likukaushie iliki, utavuna kuvu. Kwa sababu hiyo kikundi cha wakulima kilikuwa na mtambo wa mvuke, mkongwe, mweusi kwa masizi, uliokohoa kila ulipowashwa hata watu wakaubatiza jina la Bi Kikohozi. Chakula chake kilikuwa mabaki ya mbao na matawi yaliyopogolewa mashambani. Mvuke wake ulizungusha jenereta, kijiji kikapata taa na mashine ya kusaga. Kisha mvuke huohuo, badala ya kupotea hewani, ulipitishwa kwenye mabomba chini ya chanja za nyumba ya kukaushia, na iliki ikatoka kavu, ya kijani, inanukia hadi barabarani. Moto mmoja, kazi mbili. Mtu atake nini tena?

Mwaka huo Praxeda, mjane mwenye shamba kule bondeni, alijaliwa mavuno ambayo hajapata kuyaona tangu aolewe. Binti yake Anastazia alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, na ada yote ilikuwa bado inaning'inia kwenye mashina ya iliki. "Mwanangu anavaa sare nyeupe mwaka huu," Praxeda aliwaambia watu, hata wasiomwuliza.

Ndipo akaja Bwana Ernesti, afisa wa mpango mpya wa umeme vijijini.

"Sera ni nzuri sana," alisema mkutanoni. "Mtaletewa umeme wa gridi pamoja na makaushio ya umeme. Sharti ni moja tu, mtambo wenu wa zamani ung'olewe kwanza. Kikundi chenye umeme wake hakihesabiwi kuwa kinahitaji umeme."

Praxeda akanyoosha mkono. "Samahani, baba. Kwa nini tusiung'oe hayo makaushio yakishafika?"

"Mwongozo ndivyo unavyosema, mama."

Mzee Badru, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa Mdigo aliyefuata mke huko milimani, na jambo asilolipenda duniani ni kupingwa mbele ya wageni. "Mama Anastazia," alifoka, "serikali imekuletea sukari mpaka mlangoni, wewe unauliza kijiko! Kaa chini, usitutie aibu."

Praxeda akakaa. Kura zikapigwa. Wiki haikupita, wanunuzi wa vyuma chakavu wakamkata Bi Kikohozi vipande, wakampakia garini. Watoto walishangilia. Na watu wazima nao, haya zao ziko wapi, walishangilia.

Umeme ulikuja, tusiwasingizie watu. Nguzo zilisimama, nyaya zikavutwa, taa zikawaka vizuri kuliko za zamani. Nyumba ya kukaushia nayo ikafungwa taa mpya zinazong'aa, na ndani yake baridi tupu. Praxeda aliingia akashika iliki yake, mbichi, inateleza mkononi. "Mungu wangu," alisema. "Wametupa mwanga tuone vizuri inavyooza."

Makaushio hayakuja. Mvua za vuli zikaanza, na Mzee Badru akafunga safari na Praxeda kwenda kumwona Bwana Ernesti ofisini.

"Makaushio?" Ernesti alishangaa. "Hilo ni suala la joto. Sisi hapa ni watu wa umeme. Nendeni kwa watu wa mazao."

Watu wa mazao wakasema kaushio la umeme ni umeme, rudini kwa watu wa umeme. Jamani! Wakarudi, viatu vimelowa.

"Lakini Bwana Ernesti," alisema Mzee Badru, "mtambo wetu ulikuwa ukitupa joto. Mmeuondoa, joto letu mmelipeleka wapi?"

"Mzee wangu, mtambo ule tuliuhesabu kuwa ni wa umeme. Joto halikuwa na mita, tungelihesabuje?"

"Na iliki je, nayo ingoje mita?" Praxeda aliuliza.

Alirudi akajaribu kukaushia mekoni, juu ya kuni, usiku na mchana, mpaka macho yakavimba. Najat, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa akinunua iliki yake kila mwaka, alipasua punje moja akainusa, kisha akairudisha guniani polepole. "Dada Praxeda, wallahi naona uchungu. Inanuka moshi na kuvu. Hii hata nikipewa bure siipeleki popote."

Chuo kikafunguliwa. Wenzake Anastazia wakaenda, yeye akabaki.

Haukupita mwaka, Bwana Ernesti akapanda tena mlimani, anatabasamu. Wanakikundi wakakusanyika, safari hii bila vigelegele.

"Sera imebadilika," alitangaza. "Serikali sasa inataka mitambo inayotoa umeme na joto kwa moto mmoja! Kikundi chenye mtambo wa namna hiyo kitafanyiwa ukarabati bure, na umeme wa ziada kitaruhusiwa kuuza. Mimi nikawakumbuka nyinyi. Uko wapi ule wenu?"

Mtu mmoja nyuma akasonya.

"Si ulituambia tuung'oe?" alisema Mzee Badru.

"Lo! Mngeubakiza basi. Sharti la sasa ni mtambo uwepo."

Mzee Badru alisimama. Mbele ya mgeni na mbele ya kijiji kizima alimgeukia Praxeda. "Mama Anastazia, wewe uliuliza, mimi nikakunyamazisha. Nisamehe."

"Mimi usiniombe," Praxeda alijibu, na sauti yake ilikuwa kavu. "Mwombe mwenye chuo chake. Yuko nyumbani."

Mzee Badru akaenda. Alimkuta Anastazia uani anapepeta mahindi, tangu chuo kifunguliwe ndiyo kazi yake. Mzee akasimama, kofia mkononi. Binti akauweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, Mzee Badru."

Mzee aliona marahaba haimstahili; akainama, akauokota ungo, akaanza kupepeta mwenyewe. Basi tumeambiwa, na tutazidi kuambiwa kwa kuwa hatusikii: usiache mbachao kwa msala upitao.