Siku Ruta Iliponyamaza Bula Hodan

Mawingu yalikuwa yametanda juu ya Bula Hodan tangu alfajiri, meusi kama masizi ya chungu. Mahali pengine mvua ni neema tupu. Hapa, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Bura, mvua ni neema yenye masharti: malisho huota, lakini laga, ule mkondo wa mto mkavu, hujaa maji na njia ya kwenda Garissa hukatika hata juma zima. Ebla aliyatazama mawingu hayo roho mkononi. Mkaza mwanawe, Leyla, alikuwa na mimba ya miezi tisa, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa bila kulia.

Siku hiyo ya Alhamisi, saa nne asubuhi, daktari aliye Garissa alikuwa amtazame Leyla kupitia kompyuta ya zahanati. Muuguzi Salah angepitisha kile kifaa kidogo cha kupiga picha juu ya tumbo, na daktari angeiona picha hukohuko aliko. Yeye ndiye angeamua kama Leyla ajifungulie hapa au aondoke kabla laga haijafurika.

Picha hizo zilipita kwenye ruta, kisanduku cheusi chenye taa kilichoangikwa ukutani. Aliyekabidhiwa ruta hiyo ni Ruqiya, bintiye Ebla, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka uliopita akiwa wa kwanza darasani. Kwa wiki kadhaa picha zilikuwa zikija vipandevipande, na jambo hilo lilimkera Ruqiya kama mwiba wa mgunga unyayoni.

"Hooyo, leo daktari atamwona Leyla kana kwamba wako chumba kimoja," alimwambia mama yake saa moja na nusu, akifungua kompyuta. "Waliotengeneza ruta hii wametoa programu mpya ya kuiendesha. Niliipakua jana kwa simu. Ni kazi ya dakika kumi."

"Na ile ya zamani?"

"Naifuta. Ndani hamna nafasi ya zote mbili."

Ebla aliacha kufagia. Yeye ndiye aliyekuwa msafishaji wa zahanati. Shule aliiacha darasa la sita, lakini miaka ishirini alihama na mifugo, na kuhama kulimfundisha mengi.

"Sisi tukitaka kuhama hutuma sahan kwanza," alisema. "Watu wawili watatu hutangulia, wakaone kwa macho yao kama nyasi zipo na maji yapo. Mpaka warudi, hakuna mama anayebomoa nyumba yake. Wewe umemtuma nani?"

"Hooyo, hii ni ruta. Haili nyasi."

"Basi ngoja kesho."

"Kesho ni Ijumaa. Picha nzuri inatakiwa leo."

Salah, aliyekuwa akipanga dawa, akacheka. "Mwache, eeddo," alisema, akimwita Ebla shangazi kwa heshima. "Msichana amesomea."

Ebla akaurudia ufagio wake, lakini moyo haukutulia. Ruqiya alifuta ya zamani, akapakia mpya, kisha akaizima ruta na kuiwasha. Kwa kawaida taa ya kijani huwaka baada ya dakika mbili. Safari hii ikawaka taa ya manjano, ikazimika, ikawaka tena, ikazimika. Dakika kumi zikapita. Zikapita thelathini. Kijasho chembamba kikamtiririka Ruqiya chini ya mtandio. Ruta haikuwa na programu mpya iliyo hai, wala ya zamani ya kurudia.

Leyla akaingia akijikongoja, mkono mmoja kiunoni. Ngurumo ya kwanza ikasikika upande wa mashariki.

"Daktari ameshaingia?" aliuliza. "Mbona mmekaa kama mko matangani?"

Ebla alihisi maneno "nilikuambia" yakimfika kwenye ncha ya ulimi. Akayameza. Yasingewasha taa hata moja.

"Nani mwingine ana kisanduku kama hiki?" alimuuliza bintiye.

"Issack. Nilisoma naye. Yuko zahanati moja huko Hadado, Wajir."

"Mpigie."

"Atanicheka, hooyo."

"Akucheke. Kicheko hakijamuua mtu."

Mtandao wa simu ulishika nyuma ya tangi la maji tu. Ruqiya alisimama huko akiwa amenyoosha shingo kama twiga, mama yake ubavuni.

"Ulifuta kabla ya kuhifadhi nakala?" sauti ya Issack ilisema, ikifuatwa na kicheko. "Wewe? Namba moja wetu?"

"Nicheke jioni, walaal, ndugu yangu. Nina mgonjwa."

Kicheko kikakatika. Issack alikuwa bado anatumia programu ya zamani, na nakala yake ilikuwa kwenye kompyuta. "Nakutumia sasa hivi," alisema. "Na ukubwa wake nakuandikia. Ikifika, linganisha namba zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Ile mpya yako uliilinganisha?"

Ruqiya alifungua simu akaitazama programu aliyoipakua jana. Ilikuwa pungufu ya ukubwa waliouandika waliotengeneza ruta. Mtandao ulikuwa umeyumba, na mkia wa programu ukabaki njiani.

"Hukuihesabu?" Ebla alishangaa. "Ngamia huhesabiwa wakitoka kisimani, wakahesabiwa tena wakifika zizini. Uliyafanya hayo ukiwa na miaka saba."

"Simu ilisema imemaliza."

"Hata mchunga mvivu husema wote wamefika."

Ya Issack ilipofika, walihesabu. Ebla alisoma namba alizoandika Issack, Ruqiya akafuata kwenye simu yake. "Nne." "Nne." "Saba." "Tatu." Imepunguka tena. Ruqiya akaifuta, akamwomba Issack aitume upya, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga tangi. Mara ya pili namba zikaoana zote. Wakakimbia ndani. Ruqiya akaunganisha ruta na kompyuta kwa waya, na mikono yake, iliyokuwa na mbio mwanzoni, sasa ilikwenda polepole kama ya mtu anayekama ngamia mkali.

Saa nne na robo taa ya kijani ikawaka.

Picha ilikuwa mbovu kama siku zote. Uso wa daktari ulikuja nusu, ukaganda, ukaja tena. Lakini ulikuja. Salah alipitisha kifaa tumboni mara tatu, daktari akainamia kioo chake.

"Mtoto ametanguliza makalio," alisema. "Mleteni leo. Msisubiri saa sita."

Pikapu ya wachuuzi wa mbuzi ikambeba Leyla, ikavuka laga maji yakiwa yamefika nusu ya gurudumu. Alasiri ile laga ilifurika, na haikupitika kwa siku tano. Siku ya Jumamosi, huko Garissa, Leyla alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike, aliyelia kwa sauti iliyowafanya wauguzi wazibe masikio wakicheka.

Njia ilipofunguka, Ruqiya aliipakua tena ile programu mpya. Safari hii alichagua siku isiyo na wagonjwa, akahifadhi nakala ya zamani mahali pawili, akahesabu namba na mama yake, kisha ndipo akaipakia. Ruta ikawaka kijani, na picha ikawa safi kama maji ya kisima. Ebla mwenyewe aliisifu, kwa kuwa kipya si adui. Lakini akawaambia mabinti wote waliokuja kuitazama, na wenye masikio wakasikia: siku ya mawingu, kilichomwokoa mjukuu wangu ni kile kikuukuu tulichokitupa, tukaenda kukiomba kwa watu. Usiache mbachao kwa msala upitao.