Spika ya Chumba cha Nyuma

Kulikuwa na baba mmoja, wapendwa, aliyekuwa na spika kila chumba. Zile zisizo na waya, zinazowasiliana zenyewe kwa zenyewe kwa intaneti. Ukiweka wimbo sebuleni, unausikia jikoni, unausikia barazani, hata ukioga unaimba nao. Msicheke, wengine mnazo.

Lakini spika aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya chumba cha mwisho, karibu na mto wa kulalia wa mama yake mzazi. Nyonga ilikuwa imemlaza kitandani mama huyo, naye kwenye kwaya ameimba sauti ya pili tangu ujana wake. Chumba chake kinatosha kitanda na kiti kimoja, na masikio yake hayafiki mbali. Basi kila Jumamosi jumuiya ilipokuja kusali sebuleni, mwanawe aliweka kipaza sauti mezani, na yote yakamfikia mama: neno, sala, nyimbo. Naye aliitikia kutoka kitandani kwa sauti kubwa mpaka watu wa sebuleni wakatabasamu. Hapo si pa kumshukuru Mungu?

Tatizo lake baba huyu lilikuwa moja, hakutaka apdeti. Mnazijua. Ujumbe unakuja kwenye simu: "Sasisho jipya lipo. Mfumo wako utajisasisha baada ya muda mfupi." Haukuombi ruhusa, unakuarifu. Siku moja aliuacha ujisasishe, na kesho yake vitufe vyote vimehamishwa, spika zinadai neno la siri jipya, na wageni wamekaa mezani wanamtazama. Akaapa. Tangu siku hiyo akiona ujumbe ule hasomi hata mstari wa pili. Anakimbia sebuleni, anachomoa kwenye soketi kile kidude cha intaneti, anasubiri hatari ipite, kisha anakirudisha. Ujumbe ukija tena, anachomoa tena. Alijiona mjanja kweli.

Basi spika ya mama ikanyamaza. Nyingine zote zinaimba, ile ya chumba cha nyuma kimya. Akaizima, akaiwasha, akaifuta vumbi, akaiombea. Ndiyo, aliiombea! "Bwana, mrudishie mama yangu sauti ile." Wapi! Jumamosi zikapita, na mama akawa anasikia mvumo tu wa watu huko mbele ya nyumba. Mwisho akamwita mwanawe.

"Mwanangu, kama nimewachosha kwa kuimba kwangu, niambieni tu. Sitakasirika."

"Hapana, mama! Ni mashine imeharibika."

"Mashine iliyochagua chumba changu peke yake?"

Wewe ungesema nini? Alitoka mle chumbani moyo unamuuma, kwa maana aliona mama yake hakumwamini.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ikaja, na safari hii alikuwepo mama mkwe wake, aliyefika kuwaona wajukuu. Baba wa watu akaweka kipaza sauti mezani kama kawaida, kujifariji tu. Wote wakapiga magoti, wakafumba macho, na mama mkwe, kwa kuwa ni mgeni, akaombwa aongoze sala. Sijui kama mmewahi kusali na mama wa namna hiyo. Alianza na kijiji chake, akaombea mvua, akaombea shule, na kwa sauti yake ulijua kuwa bado yuko mwanzoni.

Mara simu ya baba ikatetemeka mfukoni. Akachungulia kwa jicho moja. Apdeti!

Akageuka kuitafuta soketi. Na mbele ya soketi, amepiga magoti ameegemea kiti, ni nani? Mama mkwe. Sasa ninyi mnajua kwetu. Mama mkwe humsukumi, humruki, wala hupitishi mkono juu ya bega lake kutafuta waya, seuze akiwa katika sala. Yule baba akaanza kujisogeza polepole kwa magoti. Mkewe akafumbua macho.

"Baba Tumsifu, unakwenda wapi?" akamnong'oneza.

"Kwenye soketi."

"Kwa mama yangu? Hebu tulia hapo!"

Akatulia, angefanyaje? Taa za spika ya sebuleni zikapepesa, zikazimika. Akasema moyoni, leo nimekwisha, hata hizi nilizobaki nazo zinakwenda. Taa zikawaka tena, na mama mkwe wakati huo alikuwa amefika kwa wagonjwa: "Na mwenzangu aliyelala chumba cha nyuma, Bwana, asije akadhani tumemsahau."

Kutoka mwisho wa korido sauti ya mama, ile ya kwaya, ikajibu: "Amina! Nawasikia! Jamani, nawasikia!"

Sala ikaishia hapohapo. Kina mama wakapiga vigelegele, na yule baba akakaa sakafuni, akalia mbele ya mkwewe bila haya, akipumua kama mtu aliyetua gunia. Wimbo ukaanzishwa, na sauti ya pili ikaja kutoka chumbani.

Wageni walipoondoka, alitoa simu akausoma ujumbe wote kwa mara ya kwanza. Mstari wa pili ulisema: "Sasisho hili linarudisha sauti kwenye spika zilizonyamaza." Ujumbe uleule, wapendwa! Alikuwa anaomba sauti irudi, kisha anainuka kwenye maombi kwenda kuchomoa waya inamopitia sauti hiyohiyo.

Tumeshamcheka, sasa tuje kwetu sisi. Sisemi kila jipya linatoka kwa Mungu. Mengine yachomoeni, nami nitakuja kuwasaidia. Lakini tusome basi mstari wa pili! Mke anataka kukwambia neno, umeshainuka. Mtoto anasema, "Baba, juzi uliniumiza," nawe umeshakasirika. Halafu Jumapili tunakuja hapa, tunainua mikono: Bwana, irudishe amani nyumbani kwangu.

Na angalieni aliyeumia ni nani. Sebuleni muziki haukukatika. Yule baba hakukosa wimbo hata mmoja. Aliyenyamaziwa ni mama, tena akadhani kosa ni lake. Nyumbani kwako, chumba cha nyuma amelala nani, anayejiuliza kama amekuchosha, kwa sababu tu wewe hutaki kurekebishwa?

Nashukuru, na nashukuru kwa moyo wote, kwamba Mungu wetu hachoki kutuma ujumbe uleule, na tukizidi ukaidi humpigisha mama mkwe magoti mbele ya soketi. Haya, sote tupige magoti. Namwomba aturekebishe, na sala yangu leo itakuwa ndefu kidogo. Aliye karibu na waya, aweke mikono kifuani.