Jina la Mkwaju

Sikilizeni, ndugu zangu, niwape kisa cha bwana mmoja aliyefungwa na ulimi wake mwenyewe.

Bwana huyu alikuwa na binti, na uani kwake alikuwa na mkwaju. Siku moja washenga wakaja kuposa. Kijana alijulikana: mpole, mchapakazi, hakosi swala ya alfajiri. Binti anamtaka, mama mtu yuko radhi. Lakini baba alishakata shauri kukataa, na sababu ni moja tu: jina la ukoo wa kijana halikuwa la pale mjini.

Sasa mnajua desturi yetu, washenga hawapewi jibu kabla ya kupewa kinywaji. Ikaletwa juisi ya ukwaju, baridi, imechujwa vizuri. Mshenga mkubwa akanywa, akasifu.

"Huo wa uani kwangu," baba akasema, kifua mbele. "Babu yangu kazaliwa kaukuta. Na mwajua Waarabu wanauitaje? Tamru hindi. Tende ya India!"

"Kumbe mti wa Kihindi huu?"

"Aa, wapi! Mkwaju ni wa hapa hapa Afrika. Wao waliujulia India, basi wakaupa jina la huko. Jina litauhamishaje mti, bwana?"

Mshenga akaiweka bilauri chini taratibu. "Hapo umesema. Babu wa kijana wetu kazaliwa mtaa wa pili huo. Alikwenda kukata mkonge, wenzake wa kambini wakampachika jina la kwao, akarudi nalo. Haya, tupe jibu letu."

Baba akaikodolea macho bilauri yake. Nyuma ya pazia binti amesimama, ametega sikio. Angesema nini tena, na maneno alishayasema mwenyewe?

"Mwambieni kijana aje," akajibu, sauti ndogo.

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Naona wengine mnapumua: alaa, kumbe babu alikuwa mwenyeji! Na kama angekuwa wa kuja kweli, je? Ingekuwa haki yule binti anyimwe mchumba wake? Ndugu zangu, mti uliotoka India hasa ni mwembe. Nani kati yetu amewahi kuukata kwa kosa hilo? Tunayala maembe yake mpaka yanatuchuruzika kidevuni, wala hatuulizi. Lakini mtoto wa mwenzetu akibisha hodi, tunamuuliza kwao wapi kabla hatujamwambia karibu.